Besi ya Kuegemea

Mdogo wangu alipoposwa, aliyekosa utulivu nyumbani ni mimi. Bibi harusi mwenyewe alikuwa akila, akilala, akijipaka liwa na kuchekacheka na simu yake. Mimi nilikuwa nikienda na kurudi ndani ya fleti yetu ya Michenzani, kutoka jikoni hadi dirishani, nikigonga kila nilichopita kwa kidole nisikie kinalia vipi. Meza niliigonga. Mlango wa kabati niliugonga. Hata ndoo ya maji haikusalimika. Nilikuwa natafuta besi, na mtu anayetafuta sauti hana pa kukaa.

Sisi ni watu wa kidumbak, ngoma ya harusini. Babangu alipiga sanduku tangu ujana wake, lile sanduku la chai lililopinduliwa chini, fimbo imesimamishwa ukingoni, na kamba moja tu kutoka ncha ya fimbo hadi katikati ya ubao. Mkono mmoja unaivuta fimbo, mwengine unachuna kamba, na harusi nzima inakwenda kwa mwendo wako. Mtoto wa mpiga sanduku hakai nyumbani siku za harusi. Marehemu mama alikuwa akinichukua, na nikishachoka kukimbizana na wenzangu nilijipenyeza nyuma ya wapigaji, nikakaa chini, nikatia mgongo kwenye sanduku la baba.

Ile sauti haikuwa ikiniingia masikioni. Ilikuwa ikinipanda kwenye uti wa mgongo, nene, nzito, ya giza, haina makali popote. Wanawake wanapiga vigelegele mbele, ngoma zinadunda, fidla inalia, na mimi nimelala fofofo. Ndiyo maana mpaka leo masikio yangu siyaamini katika mambo ya besi. Nauamini mgongo.

Kisha bega la baba likaharibika. Mkono wa kuvuta fimbo ukawa haupandi tena juu ya kifua, na wenzake wa kundi, kwa adabu zote, wakaniomba mimi nikae pahala pake na gitaa la besi, kwa kuwa nilikuwa nimejifunza gitaa kidogo mjini na nilikuwa na besi ya kuazima. Wakasema pia, kwa sauti ya chini, kwamba siku hizi watu wanataka vyombo vya umeme. Baba alikubali. Alikuja kutusikiliza mara moja tu, akasimama mpaka nusu ya wimbo, akaondoka. Nilipofika nyumbani nilimkuta amekaa kitandani, kofia bado kichwani.

"Kitu chako kinapiga kelele za vijiko," akaniambia. "Besi haisemi maneno mengi namna ile."

Alikuwa anasema kweli. Ile besi ya kuazima ilikuwa inang'aa. Kila noti ilitoka na ncha, ikajitangaza, ikataka kusikilizwa peke yake. Niliipunguza huku na kule, nikazungusha kila kitufe, na bado ilibaki vilevile. Tangu siku hiyo baba hakutia mguu tena palipokuwa na ngoma yetu. Msikitini alikwenda, sokoni alikwenda, ngomani hakwenda. Usiku nilimsikia akitembea chumbani kwake kama mimi nilivyokuwa nikitembea kwangu.

Basi harusi ilipokaribia, mezani, tukila, baba akatangaza mpango wake. Harusi itakuwa Chwaka, kwa ndugu za marehemu mama. Yeye atamwozesha mwanawe, atakula pilau, atawashukuru wakwe.

"Na mkianza kupiga," akasema, "mimi nnaondoka zangu. Nisitafutwe."

Mdogo wangu alinifuata jikoni. Ndiyo mara ya kwanza katika siku zile kumwona hacheki.

"Dada, mimi sitaki zawadi yoyote kwako. Nnataka baba akae. Basi."

Nikamwambia atakaa. Sijui nilikuwa nimeshika nini cha kuahidi. Isitoshe, mwenye besi yake, kijana anayepiga mahotelini kaskazini, alikuwa keshanipigia simu kuitaka. Nikabaki mikono mitupu, na mdomo wangu umeshatoa ahadi.

Nikaanza kuzunguka. Madukani Darajani na Mlandege wanakouza spika na vinanda, nilikuwa nikiingia na swali la kwanza likawa lile lile: "Dada, unamnunulia nani?" Najinunulia mimi. Wanaangaliana. Kisha muuzaji mwenyewe anaitundika besi shingoni, anafungua kila kitufe mpaka mwisho, anaipiga makofi kwa dole gumba, mpaka vioo vya kabati vinatetemeka, anatabasamu.

"Hii inakata," anasema.

"Mimi sitaki inayokata."

"Wote wanataka inayokata."

Naichukua, nakaa juu ya kigoda, nageuka na kutia mgongo kwenye spika, napiga taratibu, nasikiliza. Duka moja walinicheka waziwazi. Jengine muuzaji aliniuliza kama mgongo unaniuma, akanielekeza duka la dawa. Sikujali kuchekwa. Kilichonikera ni kwamba zote zilikuwa sauti moja, rangi tofauti tu. Noti zinagonga mgongo juu juu na kuteleza, hazikai. Natoka jua kali nimekunja uso, napita vichochoro vya Mji Mkongwe kwa haraka ya mtu aliyeibiwa, na sina ninakokwenda. Nilikuwa mkali wakati ule. Nilimgombeza muuza madafu kwa kunichagulia dafu bichi mno, na dafu lenyewe lilikuwa zuri tu.

Mpiga fidla wetu ndiye aliyenionea huruma. Akanitajia bwana mmoja wa Chukwani, mtu mzima, aliyewahi kupiga besi mahotelini kwa miaka mingi kisha akaacha. Besi yake ipo nyumbani, haiguswi. "Nenda kamsalimie," akaniambia. "Akikupenda atakuuzia."

Nilikwenda siku ile ile. Nikapiga hodi, nikapokewa na mkewe, mama mmoja mnene mwenye uso wa bashasha, nikampa shikamoo yake, nikakaribishwa ndani. Bwana mwenyewe alitoka na besi kaifunga kwenye kanga. Ilikuwa mbovu kwa kuangalia. Rangi imebabuka, mbao ina alama za sigara za watu waliokwishaacha kuvuta. Nyuzi zilikuwa nyeusi tititi kwa jasho na vumbi la miaka, na mwisho wa nyuzi, pale zinapofungwa, palishindiliwa kipande cha sponji ya kuoshea vyombo, kikavu, kimeshakuwa rangi ya udongo.

"Usiitazame," akasema yule bwana. "Ipige."

Akaichomeka kwenye spika kuukuu. Nikakaa chini sakafuni bila kuomba ruhusa, nikatia mgongo, nikachuna uzi mnene kabisa.

Ile noti haikutoka mbele, ilishuka. Ikanishika chini ya mbavu, ikakaa pale, ikafa polepole bila kelele. Nikachuna tena. Nilijikuta nina miaka sita, niko nyuma ya baba, nimevaa gauni la kitambaa kimoja na mama. Macho yalinijaa na sikuona haya, ingawa yule mama alikuwa amesimama mlangoni ananitazama.

"Mwanangu, kulikoni?"

Hapo ndipo nilipokosea. Furaha ilinifungua mdomo. Nikamweleza kwamba mdogo wangu anaolewa, kwamba besi hii inakwenda harusini Chwaka, kwamba nimezunguka mji mzima na sijapata mfano wake. Yule mama akashika kifua.

"Inakwenda harusini?"

"Naam."

Akamtazama mumewe. Bei tulielewana upesi. Nikataka kuichukua pale pale, lakini yule bwana akanishika mkono kwa upole. "Niachie mpaka Alhamisi, niagane nayo." Utamnyima vipi mtu mzima kuagana na chombo chake? Nikaondoka bila besi, na zile siku za kungoja sikuwa mtu wa kusemeshwa. Mdogo wangu akaniuliza kama nimepata, nikamwambia nimepata, akanirukia shingoni.

Alhamisi nilifika mapema. Kabla ya kuvuka kizingiti nikanusa udi. Besi yangu ilikuwa imelazwa juu ya mkeka mpya, imefunikwa shuka jeupe, na chetezo kinafuka pembeni yake. Yule mama akaifunua kwa mikono miwili, kama anavyofunuliwa bibi harusi mwenyewe.

Ilikuwa inawaka. Mbao imepakwa mafuta, alama za sigara zimesuguliwa. Sponji haipo. Na nyuzi, Mungu wangu, nyuzi zilikuwa mpya, nyeupe, zinameta, wameziagiza mjini kwa pesa yao.

"Tumekukoshea," yule mama akasema. "Na nshaifukiza, tena udi mzuri. Kitu kinakwenda harusini, mwanangu, tutakutoleaje na uchafu ule? Watu wa Chwaka wangesemaje?"

"Hebu ipige," akasema mumewe, naye ana haya ya mtu aliyetoa zawadi.

Nikaipiga. Vijiko. Vijiko vitupu, vipya, vya seti nzima. Wao wawili walikuwa wamesimama wananitazama usoni, na kila kosa walilolifanya walikuwa wamelifanya kwa kunienzi. Nilijikaza, nikacheka, nikasema ahsanteni sana, Mungu awazidishie. Nikaletewa chai ya tangawizi na vitumbua. Nikanywa. Na katika kunywa, jicho likanienda mpaka uani, kwenye mlango wa nyuma uliokuwa wazi, nikaona banda la kuku. Mlango wake mdogo ulikuwa umefungwa kwa kitu cheusi, kinene, kimezungushwa na kusokotwa vizuri.

"Ah, ule?" yule mama akasema, alipoona ninaangalia. "Ni uzi wenyewe ule wa zamani. Madhubuti. Hizo nyengine nimezitia koponi, mtu hajui atakuja kuzihitajia lini."

Kuziomba ndiyo kuwaambia waziwazi kwamba wameniharibia. Nikameza kitumbua na neno pamoja, nikaaga.

Nyumbani nilihangaika nayo siku nzima. Nikatia sponji mpya, nikatia taulo, nikakata kipande cha godoro langu mwenyewe. Iliziba mdomo tu, giza haikuwa nalo. Nikapiga, nikaacha, nikapiga. Mwisho baba akagonga ukuta kutoka chumbani kwake.

"Umenunua vijiko vyengine?"

Nilikwenda nikamkalia mwisho wa kitanda, nikamwambia yote, tangu nyuzi nyeusi mpaka chetezo. Nilikuwa na hasira na nilitaka mtu wa kunipa pole. Nilipofika kwenye kuku, baba akaanza kutikisika. Nikadhani anakohoa. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akashika bega lake bovu, machozi yakamtoka, na sikumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo nilipomsikia akicheka.

"Wamekifukiza," alisema. "Wamekifukiza udi!"

"Baba, si jambo la kuchekesha."

"Vaa. Twende Chukwani."

"Tutawaaibisha watu."

"Wewe ndo utawaaibisha. Mimi mzee, ntaomba tu." Alikuwa keshasimama anatafuta kanzu.

Tulichukua teksi. Njia nzima mimi natafuna kucha, yeye anatazama nje. Tulipofika, alisalimiana na wenyeji mpaka salamu zikaisha, wakaulizana watu wa ukoo hadi wakamkuta mmoja wanayejuana naye, wakafurahi. Kisha baba akamgeukia yule mama.

"Dada yangu, mimi nna maradhi yangu ya kupenda vitu vikongwe. Nimesikia kuku wako wanalala na besi yangu."

Yule mama akanitazama, akatazama uani, akapiga kofi la mshangao. "Ala! Kumbe vile vichakavu ndivyo mlivyovitaka?"

Mumewe ndiye aliyenivunja mbavu. Alikuwa amekaa ameinamisha kichwa, kisha akakiinua taratibu. "Miaka yote ile sikuzibadilisha kwa uvivu," akasema. "Mimi nikidhani umeipenda besi. Kumbe umeupenda uvivu wangu."

Tulicheka sote, na aibu ikaisha, ikawa kazi. Kopo likaletwa, nyuzi tatu zimo. Wa nne, ule mnene kabisa, ule ulionishika chini ya mbavu, tukaufuata bandani. Ulikuwa umekatwa vipande viwili kwa koleo ili upite kwenye matundu ya waya. Niliushika mkononi. Nikasema ndiyo basi, sauti yenyewe ilikuwa ndani ya huu, hizo tatu hazitoshi kitu. Nilisema kwa ukali, mbele za watu, na sauti ikanikatika.

Baba alikichukua kile kipande, akakipindapinda, akakirudisha kwenye mlango wa kuku.

"Mimi nlikuwa na kamba moja maisha yangu yote," akasema. "Wewe unazo nyuzi tatu. Unalia nini?"

Tukazifunga pale pale uani. Yule bwana alizivuta, baba akawa anasema legeza, sauti ishuke, legeza tena, mpaka ule mnene uliobaki ukawa umelegea kiasi cha kutisha. Yule mama akaleta sponji mpya kwenye karatasi yake. Baba akakataa. Yule mama akaingia jikoni, akarudi na ile anayooshea masufuria, ameikamua, bado ina harufu ya sabuni na samaki. Tukaishindilia. Hakuna aliyeniambia kama imefaa, na mimi sikutia mgongo. Niliogopa. Baba hakuomba kusikia, na ndani ya teksi kurudi hakusema kama siku ya harusi atakaa au ataondoka.

Chwaka, siku yenyewe, ndoa ikafungwa, pilau likaliwa, alasiri ikapita. Turubai lilikuwa limetandwa, wanawake wamejaa na kanga zao za sare, upepo unaleta harufu ya mwani unaokaushwa. Mdogo wangu alikuwa ameketishwa kitini, amepambwa, macho chini kama inavyotakiwa, na sote tunajua bibi harusi hainui macho hata nyumba ikiungua. Sisi tukakaa nyuma kwenye mikeka. Niliweka kigoda changu mbele ya spika, nikageuza mgongo, nikautia pale.

Baba nilimwona. Alikuwa amesimama ukingoni mwa kivuli, amevua makubadhi yake kuingia kwenye mkeka kuwaaga wenzake wa zamani, na sasa ameyashika mkononi, tayari kwa safari. Mpiga fidla akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa. Ngoma zikaingia.

Noti yangu ya kwanza ilitoka imelegea, nikadhani nimekosea. Kisha ikashuka. Haikuwa ile ya Chukwani, hiyo ilikwisha kwa kuku. Hii ilikuwa na mtikisiko kidogo, kama kamba inayovutwa na mkono uliochoka, na ilikuwa nene, na ilikuwa ya giza, na haikusema neno la ziada. Ilinipanda mgongoni ikakaa. Wanawake wakainuka kucheza. Sikuthubutu kuinua uso. Nilipiga nimetazama vidole vyangu na nikijiambia ameshaondoka, ameshafika barabarani, piga tu.

Katikati ya wimbo nikahisi spika inasogea. Kitu kimeisukuma kutoka upande wa pili. Nikadhani watoto, nikataka kugeuka nikaripie, ndipo nikamwona mdogo wangu. Alikuwa ameinua macho. Mbele ya wakwe, mbele ya somo wake, kungwi aliyemfunda, anayemkanyaga mguu kumkumbusha, bibi harusi alikuwa ameinua uso wake wote na anatazama nyuma yangu, na wanja unamtiririka.

Nikageuza kichwa bila kuacha kupiga. Baba alikuwa amekaa chini ukingoni mwa mkeka, miguu kainyoosha, mgongo kautia kwenye ubavu wa spika, makubadhi bado mkononi. Macho kayafumba. Mpiga fidla, wimbo ulipokwisha, akamwinamia.

"Vipi, mzee?"

"Bado inang'aa kidogo," baba akasema bila kufumbua macho. "Pigeni."

Tukapiga. Vigelegele vikawa vingi, vumbi likapanda, watu wakawa wanatupita huku na huku kwenda kumtunza bibi harusi pesa. Mimi nilikuwa nampigia mtu mmoja tu, taratibu, na ule uzi mnene sikuuacha hata mara moja. Kabla wimbo huo haujafika mwisho, baba akaanza kusinzia, makubadhi yakamponyoka mkononi, moja kisha la pili, yakaangukia mchangani, na hakuyaokota.